Mtoro wa sindano ya pili

Ndugu msikilizaji, na wewe msomaji unayeyapata mazungumzo haya gazetini, juma hili nilikusudia kuzungumza juu ya reli. Karatasi zangu nilikwisha kuziandaa. Lakini Jumanne iliyopita, wakati wa magharibi, jirani yangu mmoja alibisha hodi akiwa na chupa ya chai mkononi, na habari za reli zikabidi zingoje.

Chupa ile haikuwa na chai. Ilijaa vipande vya barafu, na katikati ya barafu, ndani ya kimfuko, palikuwa na kichupa cha chanjo ya kichaa cha mbwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kulikoni?"

Akaniambia. Mwanawe wa darasa la nne aliumwa na mbwa mguuni Jumatano ya juma la nyuma, akitoka shule. Mbwa mwenyewe alikimbia, hajulikani ni wa nani. Mama huyu alifanya kila lipasalo. Aliliosha jeraha kwa sabuni na maji ya bomba kwa muda wa robo saa, akamkimbiza mtoto hospitali, akadungwa sindano ya kwanza siku ile ile. Ya pili ilitakiwa Jumamosi. Jumamosi akaambiwa dawa imekwisha, njoo Jumatatu. Jumatatu dawa bado. Jumanne akaingia Kariakoo, duka hadi duka, mpaka akakipata kichupa kimoja kwa shilingi 30,000, na barafu akaomba kwa muuza soda. Akapanda daladala kurudi hospitali.

Muuguzi akaitazama kadi, akakitazama kichupa, akatikisa kichwa. Sababu zake zilikuwa mbili. Kwanza, siku ya sindano ya pili imekwisha kupita. Pili, jina la dawa iliyomo kwenye kichupa silo lililoandikwa kwenye kadi. Hii ni ya kampuni nyingine. "Hatuchanganyi," akasema. "Subiri dawa yetu ije, mtoto aanze upya." Kisha, mbele ya jina la mtoto kwenye daftari, akaandika neno moja: mtoro.

Hilo neno ndilo lililomliza jirani yangu, si zile shilingi 30,000.

Mimi si daktari, nanyi mnajua. Kazi yangu hapa ni kuzungumza mambo ya kale. Lakini nilimpigia simu daktari mmoja ninayemfahamu, na jibu alilonipa nitalieleza baadaye. Usiku ule sikulala mapema. Nilishusha vitabu kutoka rafuni, kwa kuwa nilitaka kujua: hii habari ya kwamba lazima iwe dawa ile ile, na kwamba aliyekosa siku aanze upya, imetoka wapi?

Tuanzie Paris. Tarehe 6 Julai 1885 mwanamke kutoka Alsace alifika kwenye maabara ya Louis Pasteur na mwanawe wa miaka 9, Joseph Meister. Siku mbili kabla, mbwa alikuwa amemrarua vibaya. Pasteur alikuwa mkemia, hakuwa na ruhusa ya kumdunga mtu sindano, kwa hiyo aliyeshika bomba la sindano ni Daktari Grancher. Dawa ilikuwa imetengenezwa kwa uti wa mgongo wa sungura waliokufa kwa ugonjwa huo huo. Uti ulining'inizwa ndani ya chupa yenye hewa kavu, na kadiri ulivyokaa siku nyingi ndivyo ukali wake ulivyopungua. Sindano ya kwanza ya Meister ilitokana na uti uliokauka kwa siku 15. Iliyofuata, wa siku 14. Wakashuka hivyo hivyo mpaka ya 13, ambayo ilitoka kwenye uti wa siku moja tu, wenye ukali wote.

Angalia hesabu hiyo, msikilizaji. Sindano 13, na hakuna mbili zilizokuwa sawa. Chanjo ya kwanza ya kichaa cha mbwa kumponya mwanadamu ilikuwa mchanganyiko tangu mwanzo hadi mwisho. Lililokuwa halichezewi ni kalenda. Na kalenda ile ilifuatwa kwa sababu nyepesi kabisa, ambayo vitabu vinaitaja kwa kupita tu: mtoto na mama yake walipewa mahali pa kulala, hatua chache kutoka kwenye sindano. Hawakupanda gari. Hawakuambiwa njoo Jumatatu. Meister akapona, akawa mtu mzima, akafanya kazi ya ubawabu katika Taasisi ya Pasteur.

Miezi mitatu baadaye akaletwa kijana mchunga kondoo, Jean-Baptiste Jupille, wa miaka 15, aliyepambana na mbwa mwenye kichaa ili kuwaokoa wenzake wadogo. Alifika siku ya sita tangu aumwe. Hakuambiwa amechelewa. Alidungwa, akapona. Na Machi 1886 wakaja Warusi 19 kutoka Smolensk, wameraruliwa na mbwa mwitu, na majuma mawili yalikuwa yamekwisha kupita safarini na kabla ya safari. Pasteur alipoona wakati umemponyoka, aliongeza mwendo: badala ya mara moja kwa siku wakadungwa mara mbili, asubuhi na jioni. Watatu walikufa, 16 wakarudi kwao hai. Hapo ndipo jina la Pasteur lilipoenea dunia nzima.

Ninalotaka ulishike katika habari hii ni namna mkemia yule alivyomwangalia mtu aliyechelewa. Kwake, kuchelewa kulikuwa sababu ya kufanya haraka zaidi.

Sasa basi, ugumu wa kadi umetoka wapi? Nadhani umetoka kwenye zama zilizofuata. Uti wa sungura unaoning'inia chupani hausafirishwi kwa meli. Mwaka 1911 David Semple, daktari wa jeshi la Waingereza huko Kasauli nchini India, alitangaza njia yake: ubongo wa mnyama aliyeambukizwa, virusi vyake vikiuawa kwa dawa ya fenoli. Dawa hiyo ilitiwa kwenye chupa, ikasafiri, ikaenea Asia na Afrika kwa muda mrefu. Wazee wenzangu wanaikumbuka, maana ndiyo ile ya sindano za tumboni, kuzunguka kitovu, kila siku moja, 14 na mara nyingine zaidi. Na ilikuwa na hatari yake. Kwa kuwa ndani yake mlikuwa na ubongo wa mnyama, mwili wa baadhi ya waliodungwa uliushambulia ubongo na mishipa yao wenyewe, wakapooza, wengine wakafa.

Hapa naomba niingize habari ya nyumbani. Kaka yangu aliumwa na mbwa tukiwa Tanga, miaka ya 1960, mimi mdogo bado. Baba alimpeleka kila asubuhi kwa baiskeli. Siku ya nane mvua ilinyesha, barabara ikakatika, hawakwenda. Siku ya tisa mhudumu akamwambia baba kwamba hesabu imeharibika, mtoto aanze moja. Baba, mtu wa kutii, akakubali. Kaka yangu hakukubali. Alitorokea kwa shangazi yetu Pangani, akakaa huko mwezi mzima, na hakuna aliyeweza kumrudisha. Hakuugua. Mbwa yule hakuonekana tena, hivyo hadi leo hatujui kama alikuwa na kichaa au alikuwa na njaa tu. Kaka yangu bado yu hai, ana wajukuu, na ukimtajia hospitali anashika tumbo.

Simsimulii ili mtu amwige. Kichaa cha mbwa kikishapanda kichwani, mgonjwa akaanza kuogopa maji, hakuna dawa. Anakufa, na kifo chenyewe ni kibaya kukitazama. Kaka yangu alicheza bahati nasibu na roho yake. Lakini kisa chake kinaonyesha ni nani aliyemfukuza. Aliandikiwa sindano 7 zilizobaki. Akaambiwa ni 14. Alikimbia ile hesabu.

Mambo yaligeuka mwaka 1976. Wataalamu wa Taasisi ya Wistar mjini Philadelphia, wakiongozwa na Hilary Koprowski, mzaliwa wa Poland, walikuwa wamefanikiwa kuvikuza virusi vya kichaa ndani ya seli za binadamu zilizooteshwa kwenye maabara, bila ubongo wala uti wa mgongo. Dawa hiyo ilijaribiwa Iran kwa watu 45 walioumwa na mbwa na mbwa mwitu waliothibitika kuwa na kichaa. Walidungwa sindano sita za mkononi. Hakufa hata mmoja. Nionavyo mimi, habari hiyo ilistahili kupigiwa ngoma kama ile ya Meister, lakini waulize watu kumi mtaani kama wamewahi kuisikia.

Baada ya hapo viwanda vikaja. Wafaransa wakatumia seli zilizotokana na figo la tumbili wa Afrika, ambazo Wajapani walikuwa wameziotesha tangu mwaka 1962, wakatoa chanjo iitwayo Verorab mwaka 1985. Wajerumani wakatumia mayai ya kuku yenye kifaranga, wakaiita yao Rabipur. Wahindi wakafuata na zao, na majina yakaongezeka kama majina ya sabuni. Kila jina na kibandiko chake, kila kibandiko na rangi yake. Lakini kilichomo ndani ni kitu kimoja: kirusi cha kichaa cha mbwa kilichouawa, ambacho mwili unalisoma koti lake ili ukikutana na kile kilicho hai ukitambue. Mwili hausomi kibandiko. Sindano ya kwanza inaufundisha, ya pili inaukumbusha, na mwalimu wa pili si lazima awe yule wa kwanza, mradi somo ni lile lile.

Ipo mipaka, na ni haki niitaje. Kuziweka dawa hizi za seli safu moja na ile ya zamani ya ubongo ni kosa. Tangu miaka ya 1980 Shirika la Afya Duniani limekuwa likizihimiza nchi ziiache ile ya zamani. Yawezekana hofu ya wauguzi juu ya kuchanganya ilianzia hapo, ikarithiwa na wanafunzi wao, na wanafunzi wa wanafunzi wao, hata baada ya kitu kilichoogopwa kutoweka rafuni.

Na hesabu nayo imekuwa ikipungua. Kutoka 14 za tumboni tukafika 5 za mkononi kwa siku 28, kisha 4. Madaktari wa Bangkok wakagundua kwamba ukiidunga dawa ndani ya ngozi tu, badala ya kwenye msuli, tone dogo linatosha, na kichupa kimoja kinagawiwa watu kadhaa. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likaikubali ratiba ya kwenda mara tatu ndani ya juma moja: siku ya kwanza, baada ya siku tatu, na siku ya saba. Kalenda tunayoiona kama msahafu imebadilishwa mara nyingi, tena na wale wale walioitunga.

Mnakumbuka mwaka 2021? Kenya ilipokea shehena yake ya kwanza ya chanjo ya AstraZeneca mwezi Machi, dozi zaidi ya milioni moja zilizotengenezwa India. Kabla watu hawajapata ya pili, India ikaelemewa na ugonjwa na kuzuia chanjo zisitoke nje. Walimu, wauguzi na polisi wa Kenya waliodungwa ya kwanza wakabaki wanahesabu majuma. Muda wa kungoja, uliokuwa majuma 8, ukasogezwa hadi 12. Sisi Tanzania tulianza Julai mwaka ule na ile ya sindano moja, kwa hiyo shida ya sindano ya pili ilitupita kwa muda. Ilitukuta baadaye zilipokuja za mara mbili. Huko Ulaya nako serikali kadhaa zilikuwa zimesimamisha AstraZeneca kwa vijana kwa sababu ya habari za damu kuganda, zikawaambia waliokwisha kuanza nayo wamalizie na nyingine. Kansela wa Ujerumani, Angela Merkel, alidungwa AstraZeneca mwezi Aprili na Moderna mwezi Juni. Wataalamu wa Oxford walipowapima watu 830 waliochanganyiwa na wasiochanganyiwa, waliona kwamba walioanza na AstraZeneca na kumalizia na Pfizer walikuwa na kingamwili nyingi kuliko waliopata AstraZeneca mara mbili. Homa ya siku mbili tatu waliipata zaidi, ndiyo. Desemba mwaka ule Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wake wa namna ya kuchanganya.

Sisemi Korona na kichaa cha mbwa ni jambo moja. Chanjo za Korona zilitofautiana hata katika ufundi wenyewe, ndiyo maana ilibidi wapime kwanza. Chanjo za kichaa zilizopo sasa zinafanana zaidi kuliko zile. Lakini kansela alipobadilishiwa dawa, iliitwa sayansi. Jirani yangu alipofika na chake kwenye barafu, iliitwa utoro.

Turudi basi kwa daktari wangu. Alinisikiliza, akasema bila kusita: asianze upya, aendelee alipoishia, na aendelee leo au kesho asubuhi. Kubadilisha jina la dawa si jambo la kulipendelea, lakini ile ya kwanza isipopatikana ni ruhusa. Nikamwuliza kama hayo ni mawazo yake. Akanielekeza kwenye mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018, nami nimeusoma: dozi ikichelewa, chanjo huendelezwa, hairudiwi, na kubadili aina ya chanjo katikati kunakubalika pasipo njia nyingine. Aliniuliza pia kama mtoto alipewa ile dawa nyingine, ya kingamwili zilizo tayari, inayodungwa ndani na kando ya jeraha mwanzoni mwa tiba. Jirani yangu hakujua kama ilikuwapo. Hakuna aliyemtajia.

"Mwambie ahofie siku," daktari akamalizia. "Jina la dawa halina haraka. Kirusi kinapanda mshipani, kinatafuta kichwa."

Nimelifikiria sana lile neno la kwenye daftari. Hospitalini tumelizoea, aliyeacha dawa za kifua kikuu ni mtoro, aliyekosa kliniki ni mtoro. Katika historia ya pwani yetu watoro walikuwa watumwa waliowakimbia mabwana zao, wakajenga vijiji vyao porini. Aliyeitwa mtoro alikuwa mali ya mtu, na kosa lake lilikuwa kuondoka. Jirani yangu hakuondoka. Alifika Jumamosi, akafika Jumatatu, akafika Jumanne. Kilichotoroka ni dawa. Ingekuwa haki, daftari lile lingekuwa na safu nyingine ya kuandika siku ambazo jokofu lilikuwa tupu.

Kwa mwaka inakadiriwa kwamba watu 59,000 duniani hufa kwa kichaa cha mbwa, karibu wote katika Asia na Afrika, na katika kila kumi wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Dawa ya kuwaokoa ilikuwapo tangu zamani za babu zetu. Wengi wao walikufa njiani, kati ya nyumbani na hospitali, nauli ikitafutwa. Na njia ya bei nafuu kuliko zote, nayo ni kuwachanja mbwa wenyewe, tunaijua. Pemba waliifanya wakaufukuza ugonjwa kisiwani. Ukarudi, wakachanja tena, ukatoka. Ni habari ndefu, nitaipa jioni yake.

Jumatano asubuhi, siku ya saba tangu mtoto aumwe, jirani yangu alikwenda hospitali nyingine, mwendo wa daladala mbili. Nilimwandikia kwenye kikaratasi yale aliyosema daktari, lakini hakukihitaji. Muuguzi wa huko alikitoa kichupa kwenye barafu, akakisoma, akaangalia tarehe ya mwisho wa matumizi, akauliza kimekaaje njiani, akamwambia kijana akunje mkono wa shati. Akaandika tarehe na jina la dawa kwenye mstari wa pili wa kadi, na chini yake, kwa kalamu ya risasi, tarehe ya kurudi.

Jioni mtoto alikuja kunionyesha kadi. Alitaka kujua kwa nini mstari wa kwanza una jina moja na wa pili jina jingine. Nikaanza kumweleza habari za Meister na sungura, lakini alipofahamu kwamba yule wa Paris alidungwa mara 13, aliniomba nimsomee tena yake zimebaki ngapi.